Theluji ya Juzi

(Mhadhara uliotolewa mjini Moshi mbele ya waongoza watalii, wapagazi, walimu na wanafunzi. Umechapishwa karibu kama ulivyosemwa.)

Mmekuja, ingawa Jumamosi mchana kama hii mtu ana kihamba cha kupalilia, na najua wengine mmeshuka getini jana tu, magoti bado yanalia.

Nimeombwa niseme juu ya hali ya hewa ya mlimani na maporomoko ya theluji. Mke wangu alipousoma mwaliko alicheka. "Theluji gani hiyo ya kuporomoka hapa kwetu? Hiyo iliyobaki si inayeyuka tu?" Swali lake ni la haki, nami nitalijibu nikifika hoja ya nne. Kwa sasa niseme tu kilichonileta. Nataka kuonyesha kwamba hewa inayomuua msafiri mlimani, mara nyingi, siyo ile anayoiona anapotoa kichwa hemani asubuhi. Ni ya juzi, au ya mwezi uliopita, ambayo mlima uliipokea, ukaiweka, ukanyamaza. Nina hoja tano. Hazilingani urefu, na mwenye kutaka kusinzia namshauri asubiri ya tatu.

Kwanza, neno kuhusu maneno. Neno barafu tulilipata kwa Waajemi, na kwao barf ndiyo theluji yenyewe. Theluji tukaipata kwa Waarabu. Tulikuwa na mlima wenye vitu vyote viwili, tukaazima majina ng'ambo! Tarehe 11 Mei 1848 mmishonari Johannes Rebmann alipouona weupe juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, alimuuliza kiongozi wa msafara wake ni nini kile. Yule bwana akajibu: baridi. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kutia mguu Afrika Mashariki, alibisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mimi namheshimu yule kiongozi wa msafara. Alitaja kitu kwa kile kinachomfanyia mtu. Nami leo nitafanya hivyo hivyo pale ambapo Kiswahili hakijakubaliana juu ya neno: theluji iliyoshikamana ikakatika kwa mkupuo nitaiita bamba, na tukio lenyewe nitaliita poromoko.

Hoja ya kwanza: theluji hulala kwa matabaka, na kila tabaka lina tarehe yake.

Nilikaa majira mawili ya baridi katika jimbo la Colorado, Marekani, nikisomea hali ya hewa. Mara ya kwanza tulipopelekwa mlimani nilidhani tunakwenda kutazama mawingu. Mwalimu akatugawia machepe. Tukachimba shimo hadi ardhini, likanifika kifuani, naye akauchonga ukuta mmoja ukanyooka kama umepigwa plasta. Kisha akaanza kuusukuma kwa mkono, kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa ngumi nzima ilizama. Chini kidogo ngumi ikagoma, vikaingia vidole vinne. Chini zaidi kidole kimoja. Katikati ya ukuta hata kidole kikashindwa, akatoa penseli. Mimi nikawa naandika, nikiona mantiki: kadiri unavyoshuka ndivyo inavyogandamizwa na kuwa ngumu. Alipokaribia ardhi, ngumi ikaingia tena.

Akachota kidogo pale chini akanimiminia kiganjani. Zilikuwa chembe kubwa, zenye pembe, zinametameta, wala hazishikani. Zilinipita vidoleni kama sukari ya kiwanda cha TPC inavyotoka kwenye mfuko uliotoboka. Na kwa kweli, wenyewe kule huiita theluji ya sukari.

Inapikwaje sukari hiyo? Theluji ya kwanza ya Oktoba au Novemba huanguka kidogo tu, labda kufika nusu ya goti. Ardhi iliyo chini yake bado ina joto la kiangazi, kwa hiyo pale chini panabaki karibu na nyuzi sifuri. Juu, usiku wa anga wazi, hewa inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Mvuke basi hupanda kutoka penye joto kwenda penye baridi, na katika kupanda huko huimomonyoa chembe hii na kuijenga ile. Tofauti ya joto ikizidi kama nyuzi moja kwa kila sentimita 10 za kina, chembe zinazozaliwa huwa na pembe na hupoteza mshikano. Theluji ikiwa nene, tofauti hiyo inagawanywa katika kina kirefu, haina madhara makubwa. Ikiwa nyembamba, inabana. Kwa hiyo zile wiki mbili tatu za Novemba ambazo anga ni buluu, jua linawaka, watu wanapiga picha na kusema hali ni nzuri, ndizo wiki ambazo jikoni huko chini sukari inapikwa. Halafu Desemba inakuja dhoruba na kumwaga theluji nzito juu yake. Mmejenga nyumba hapa, mnajua maana ya kupanga tofali juu ya sukari.

Mwalimu hakuishia hapo. Alikata nguzo ya theluji upana sentimita 30 kwa 30, akalaza chepe juu yake, akaanza kuligonga: mara kumi kwa mkono unaochezea kifundoni, mara kumi kuanzia kiwikoni, na kumi za mwisho kuanzia begani. Sisi tulihesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea. Tulipotamka kumi na tatu, sehemu yote ya juu ya nguzo iliteleza ikanijia kifuani, nzima nzima, kama droo ya kabati. Pale ilipokatikia palikuwa laini, ungeweza kuwekea kikombe cha chai.

Akaniuliza, "Iliyotuangusha ni theluji ya lini?"

Ilikuwa ya Oktoba. Siku ile tulikuwa Januari, na asubuhi yake redio ilikuwa imetangaza jua na upepo mdogo.

Tabaka dhaifu huweza kuzaliwa hata juu ya theluji, bila mvua wala dhoruba. Usiku mtulivu wenye nyota, unyevu wa hewani huganda juu ya uso wa theluji ukawa manyoya madogo ya barafu, mazuri mno, ni ndugu wa umande wetu wa asubuhi. Yakifukiwa na theluji mpya kabla jua au upepo haujayavunja, hubaki yamesimama huko ndani kama kadi zilizosimamishwa kwa ncha, na yanaweza kusubiri kwa wiki. Na si manyoya tu: huko Galtür, Austria, Februari 1999, zilipita dhoruba tatu zenye kufuatana zikashusha theluji ya karibu mita nne juu ya tabaka lililokuwa limeyeyuka na kuganda tena. Tarehe 23 mlima ukaachia. Waliokufa kijijini ni watu 31, na poromoko lilifika hadi nyumba ambazo kwenye ramani zilikuwa eneo la kijani, yaani salama. Ramani ilikuwa imechorwa kwa kumbukumbu ya watu. Mlima ulikuwa na kumbukumbu yake.

Hoja ya pili: poromoko halihitaji theluji inayoanguka, linahitaji mteremko, upepo uliopita, na mara nyingi wewe.

Mabamba mengi hukatika kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45, hasa karibu na 38. Chini ya hapo theluji hukaa. Juu ya hapo haipati nafasi ya kurundikana, huanguka kidogo kidogo. Digrii 38 ni mteremko mkali kuliko paa la bati la nyumba yako. Bahati mbaya ndio mteremko anaoupenda mtu wa ski, yule anayeteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu miguuni. Wanaotembea kule nje ya njia zilizoandaliwa hubeba kipimo cha pembe mfukoni, cha bei ndogo kuliko miwani ya jua, na nimeona wengi wakikisahau garini.

Upepo nao ni fundi. Huikwangua theluji upande mmoja wa kigongo na kuilaza upande wa pili uliokingwa, tena kwa kasi inayoweza kufika mara kumi ya ile ya theluji inayotoka angani. Ndiyo maana kule siku ya hatari inaweza kuwa siku ambayo hakuna hata chembe moja iliyoanguka. Ukiona moshi mweupe unafuka kwenye kigongo kama vumbi la barabara ya Same wakati wa kiangazi, ujue upande wa pili kuna mtu anapakiwa gunia mgongoni.

Halafu anakuja msafiri. Katika ajali zinazoua watu wa matembezi, karibu tisa katika kumi poromoko limeanzishwa na aliyekufa mwenyewe au mtu wa kundi lake. Hili ndilo linalotofautisha poromoko na radi. Uzito wa mtu mmoja unatosha, kwa sababu haanzi kazi; anaimalizia. Na si lazima awe juu ya mteremko. Anaweza kuwa amesimama tambarare kwa chini, akasikia theluji ikishuka puu, kama gunia la mahindi limetupwa ghalani, na mpasuko ukakimbia kutoka miguuni pake hadi juu mlimani. Sauti hiyo wazoefu wanaiogopa kuliko ngurumo. Ni tabaka dhaifu limeanguka chini ya miguu yako, na limekuambia kwa bure. Ishara nyingine ni mbili: nyufa zinazokimbia mbele ya ski, na poromoko bichi kwenye mteremko jirani unaotazama upande uleule.

Bamba likikatika huweza kufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde chache. Likisimama hukaza kama zege, kiasi kwamba aliyefukiwa hawezi kusogeza hata kidole. Wengi hufa kwa kukosa hewa. Karibu robo huuawa na miti na mawe njiani. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 hadi 15 za mwanzo, uwezekano ni mkubwa atakuwa hai. Ikipita nusu saa, wanaobaki hai ni kama theluthi. Helikopta haifiki kwa dakika 15. Anayefika ni mwenzako aliye na kifaa cha redio cha kutafutia kinacholingana na chako, fimbo ndefu ya kuchokonolea na chepe, na ambaye alifanya mazoezi navyo kabla ya safari. Nilipoambiwa hesabu hizi nilimtazama kijana aliyekuwa mwenzangu siku ile, ambaye chepe lake lilikuwa la plastiki, nikamwomba tubadilishane nafasi katika mstari. Hakuelewa nilikuwa natania au la. Sikuwa natania.

Hoja ya tatu: tahadhari ya katikati ndiyo inayozika watu.

Ulaya tangu 1993 wana ngazi tano za hatari ya maporomoko, na Amerika Kaskazini wana tano zao zinazofanana. Mtu angedhani vifo vingi huwa ngazi ya tano. Ngazi ya tano watu wako nyumbani, barabara zimefungwa. Wengi hufa ngazi ya tatu. Tatu kwa tano machoni pa mwanafunzi ni alama ya kupasi. Huku ngazi zenyewe hazipandi sawasawa, kila moja ni hatari iliyoongezeka maradufu au zaidi. Na sisi tunalo hilo hilo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari kubwa, yenye rangi nyekundu, tunashtuka. Ikitoa angalizo, la njano, tunasema "ah, angalizo tu," na lori linapakiwa.

Hoja ya nne: mlima wetu nao huweka akiba.

Sasa nimjibu mama wa nyumbani kwangu. Ni kweli, Kibo si mahali pa mabamba ya theluji. Mwaka 1912 barafu yetu ilikuwa na ukubwa wa kama kilomita za mraba 12; mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya mbili. Lakini nendeni mkaulize waliopita njia ya Western Breach. Kule juu ya kambi ya Arrow Glacier, baridi ya usiku hufanya kazi ya saruji: maji yaliyoingia nyufani mchana huganda, jiwe likashikwa. Jua likigusa, saruji inakuwa maji. Wazee wa kazi wanalijua hilo. Ndiyo maana pale mtu huondolewa kitandani gizani, awe amepita sehemu mbaya kabla jua halijafika. Hiyo ni kumbukumbu ya usiku mmoja. Ila iko ndefu zaidi. Tarehe 4 Januari 2006 mawe yaliporomoka pale yakaua wapanda mlima watatu Wamarekani, na wengine wakaumia. Njia ikafungwa, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2007. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mawe yale yalikuwa yameshikiliwa na barafu iliyorudi nyuma mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo aliyesimama pale asubuhi ile hakupigwa na hewa ya asubuhi ile. Alipigwa na miaka mingi ya joto.

Na tusisahau mlima Hanang. Naomba niliseme hili taratibu, kwa kuwa huenda humu ndani kuna mwenye ndugu Katesh. Jumapili tarehe 3 Desemba 2023 tope, magogo na mawe vilishuka kutoka mlimani vikaua watu zaidi ya 80. Wataalamu wa serikali walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba iliyooza ilinyonya maji ya mvua hadi ikashindwa kujibeba. Hakuna theluji Hanang. Lakini kwangu mimi niliyechimba lile shimo, maelezo yale yalikuwa ya nyumba ileile: tabaka dhaifu la zamani, mzigo uliopakiwa kwa siku nyingi, na siku moja ya mwisho ambayo ndiyo tunayoipa jina.

Kuna akiba ya tatu, nayo imo mwilini mwa mpandaji. Hapa niruhusuni nitoke kwenye vitabu.

Nilipokuwa na miaka 20 nilikuwa mpagazi, mmoja wa wagumu, kama tunavyojiita. Tulipanda njia ya Machame mwisho wa masika, na kampuni, ambayo sitaitaja, ilikuwa imetupa makoti ya mvua mawili kwa watu wanane. Siku ya kwanza msituni mvua ilitunyeshea kuanzia getini hadi kambini. Si jambo la ajabu. Upande wa kusini wa mlima, msituni, hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati kileleni ni pakavu kama jangwa. Nguo zililowa, na blanketi, na soksi pea mbili nilizokuwa nazo. Siku ya pili kambi ya Shira kulikuwa na ukungu, hakuna kilichokauka. Ya tatu hivyo hivyo. Mimi ni kijana, nabeba mzigo, natembea napata joto, sikuona tatizo. Siku ya nne tukafika kambi ya Barafu, mita 4,673.

Usiku ule Barafu anga lilikuwa safi ajabu. Nyota zimetapakaa, upepo hakuna, taa za Moshi zinaonekana chini kama makaa. Mgeni mmoja Mjerumani alikuwa anasema ni usiku mzuri kuliko yote ya maisha yake. Mimi nilikuwa kwenye hema la jikoni natetemeka hadi meno yanagongana, kisha kutetemeka kukakoma, nikaona raha, nikataka kuvua koti. Mpishi, mzee wa Kibosho, aliniona ninavyohangaika na zipu akanipiga kofi. Akanivua nguo zote mbichi, akaniingiza kwenye begi lake la kulalia, akamlaza mwenzangu ubavuni mwangu, akaninywesha chai ya tangawizi kijiko kwa kijiko. Namwomba Mungu amweke pema. Ukiitazama hewa ya usiku ule, ungeandika kwenye fomu: hali nzuri. Iliyokuwa inaniua ni mvua ya msitu wa Machame, siku tatu nyuma.

Ongezeni na mwinuko. Hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, ina nusu tu ya oksijeni ya pwani kwa kila pumzi, na hilo mnalijua. Kinachosahauliwa ni tarehe. Kichwa huanza kuuma saa 6 hadi 12 baada ya kupanda, au zaidi. Maji kwenye mapafu mara nyingi huja siku ya pili hadi ya nne tangu kufika juu. Kwa hiyo mgeni anayekohoa leo mkiwa kambini anakujibu swali kuhusu mlivyopanda juzi. Ile desturi ya kumpitisha mtu Lava Tower, mita 4,600 na kitu, kisha kumshusha akalale Barranco chini ya 4,000, ni njia ya kuuandikia mwili kumbukumbu nzuri kabla ya mtihani.

Na simu zenu, wapendwa. Mgeni ananionyesha simu: "Kilimanjaro, nyuzi 18." Hiyo ni Moshi. Joto hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, na kutoka hapa hadi kileleni ni mita 5,000 hivi. Toa nyuzi 30. Kumi na nane ya usiku hapa inakuwa 12 chini ya sifuri pale kileleni, na ukivuma upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi inahisi kama 23 chini ya sifuri. Hesabu hiyo inafanyika kwa kidole mchangani, bila intaneti.

Hoja ya tano, na hii inahusu watu: mlima unakumbuka, kundi linasahau.

Mmarekani Ian McCammon alizipitia ajali 715 za maporomoko kuona waliohusika walikuwa wanafikiri nini. Alikuta wengi hawakukosa elimu. Walikuwa wamezoea mteremko ule. Walikuta nyayo za wenzao. Walikuwa na kiongozi wanayemwamini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Juu ya nyayo niseme kitu: mteremko uliopitwa na watu kumi unaweza kukatika kwa wa kumi na moja, kwa sababu yeye ndiye aliyekanyaga pale bamba ni jembamba. Nyayo zinasema tu kwamba wenzako walipita.

Mnatabasamu, kwa sababu mnayajua haya kwa majina mengine. Mgeni kalipa dola elfu kadhaa. Ndege yake ni Alhamisi. Rafiki yake alifika mwaka jana. Na wewe kiongozi unajua bahasha ya mwisho wa safari hunenepa au hukonda kufuatana na ile picha ya ubao wa Uhuru. Silaumu, nimeila bahasha hiyo. Lakini nimegundua kwamba uamuzi wa saa sita usiku pale Barafu, watu wamechoka na taa zimeshawashwa vichwani, si uamuzi tena. Wale wenzetu wa theluji wazuri niliowaona walikuwa wanaamua jioni, wameketi, wameshiba: wanaandika miteremko ambayo kesho hawataikanyaga hata iweje. Asubuhi wanaruhusiwa kupunguza orodha ya mahali pa kwenda. Kuiongeza hawaruhusiwi. Nimewahi kumweleza hivyo kijana mmoja muongozaji akaniambia, "Mzee, wageni wangu huniajiri niseme ndiyo." Nikamjibu kwamba kule nako ni hivyo hivyo, na waliozeeka kwenye kazi ni wale waliosema hapana wakiwa bado mezani, kabla mgeni hajafunga kamba za viatu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona unatazama saa. Namalizia.

Watabiri wa maporomoko kule Davos, Uswisi, na Colorado hawana uchawi. Wana vituo vya vipimo, ndiyo, lakini wana pia watu wengi wa kawaida, wenye ski, wenye mbwa, wafanyakazi wa barabara, ambao kila jioni wanaeleza walichokiona: nilisikia puu mahali fulani, upepo ulitoka magharibi, nyufa hapa. Taarifa za namna hiyo hupangwa, zikawa kumbukumbu inayokaribia ile ya mlima.

Sisi nasi tuna watu wengi mlimani. Kila usiku wa msimu kuna wapagazi, wapishi na waongozaji kutoka Mandara hadi Barafu, na kila mmoja ameona kitu: mvua ilianza saa ngapi, maji yaliganda saa ngapi, jiwe lilisikika wapi, wangapi walikohoa. Asubuhi tunakunja hema na habari zote zinakunjwa humo humo.

Kwa hiyo nimeleta madaftari. Ni kumi na mawili, ya kurasa 96, nimeyavisha plastiki mwenyewe, na penseli, kwa kuwa kalamu za wino hugoma kwenye baridi. Kila ukurasa nimeupiga mistari sita: tarehe na kambi, mvua, upepo, maji yaliganda au la, mawe au maji yaliyosikika, na afya ya kundi. Dakika tatu baada ya chakula cha jioni. Ninaomba kambi sita kwa kuanzia, msimu huu unaoanza Juni, daftari moja libaki kambini na jingine lishuke, na kila mwisho wa mwezi tukutane hapa tuyasome. Mwalimu wa jiografia aliyeketi pale nyuma amekubali wanafunzi wake watachora. Barafu tayari pana mtu: mjukuu wa yule mzee wa Kibosho, naye sasa ni mpishi, aliniambia mlangoni kwamba daftari lake analitaka lenye jalada jekundu, lisipotee jikoni. Nimemwekea. Yaliyobaki kumi na moja yapo mezani, karibu na chai.